Jaji Aliyekwenda Mahakamani Kudai Uchaguzi

NEEMA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Kaka Hamisi, wiki nzima unanitumia sauti kwenye simu, zote za jaji mmoja wa Marekani. Haya, leo yatoe yote.

HAMISI: Alan Page, dada Neema, wa jimbo la Minnesota. Amekaa Mahakama ya Juu ya jimbo tangu Januari 1993 mpaka Agosti 2015, na kila miaka sita alirudi kwa wananchi kuomba kura.

NEEMA: Jaji anaomba kura! Mimi hapo roho inasita. Kwetu Tanzania Rais ndiye anateua. Kenya tume inawahoji, tunawaona kwenye televisheni. Lakini kampeni?

HAMISI: Ngoja kwanza ujue ametokea wapi. Kazaliwa Canton, Ohio, 1945, mji wa viwanda vya chuma. Akiwa kijana alipata kibarua kwenye ujenzi wa Jumba la Heshima la futiboli ya Kimarekani, palepale kwao. Mwaka 1988 akaingizwa humo kama mchezaji.

NEEMA: Jengo alilolitolea jasho mwenyewe?

HAMISI: Hilohilo. Alikuwa mlinzi wa Minnesota Vikings, na 1971 akawa mchezaji bora wa ligi. Sheria alijaribu kuisoma mapema, akaacha baada ya wiki tatu. Akarudi miaka ya baadaye, akahitimu Chuo Kikuu cha Minnesota 1978, na bado yuko uwanjani anacheza.

NEEMA: Hilo la kurudi limenigusa. Nimesoma masomo ya jioni huku nina kazi, naijua ile saa tatu ya usiku macho yanapogoma.

HAMISI: Sasa sikiliza. Katiba ya Minnesota inasema majaji wachaguliwe. Mazoea yakawa jaji anaondoka muhula ukiwa katikati, gavana anateua mwingine, uchaguzi ukifika huyo mteule tayari kakalia kiti. Kiti kilicho wazi hukioni. Mwaka 1992 kuna jaji wa Mahakama ya Juu hiyo muda wake ulikuwa unakwisha, gavana Arne Carlson akamwongezea ili afikishe pensheni. Page, wakati huo wakili katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, alitaka kugombea kiti hicho, akafungua kesi.

NEEMA: Mahakama gani sasa? Si ileile anayotaka kuingia?

HAMISI: Ileile! Majaji wenyewe wakakaa pembeni, wakaletwa wengine kukaimu. Wakaamua uchaguzi ufanyike. Akashinda, mtu mweusi wa kwanza kukaa pale. Yaani bila ile kesi, wananchi wasingeulizwa kabisa, na kile kiti ni chao kikatiba. Hapo ndipo ninapompendea.

NEEMA: Lakini walimchagua mwanasheria au walichagua jezi namba 88?

HAMISI: Mwanzoni jina lilimbeba, sikatai. Ila wakamrudisha 1998, 2004 na 2010. Kufikia hapo wamemwona kazini.

NEEMA: Bado naona hatari. Mwaka 2002 kesi kutoka Minnesota hiyohiyo ilifika Mahakama ya Juu ya taifa. Kwa kura 5 dhidi ya 4, wakafuta kanuni iliyowazuia wagombea ujaji kutangaza misimamo yao kwenye mambo yenye ubishi. Chukulia mimi mpangaji, nimemshtaki mwenye nyumba, na jaji alishasema jukwaani kwamba wapangaji wamezidi. Nikasimame mbele yake nimwambie nini?

HAMISI: Hapo umenishika. Mgombea wa namna hiyo simtetei. Lakini tazama 2009, kesi ya useneta kati ya Norm Coleman na Al Franken, tofauti ya kura 312 tu. Jaji mkuu na mwenzake mmoja walijitoa kwa kuwa walikaa kwenye bodi iliyohakiki kura. Page ndiye akaongoza kikao. Majaji watano, sauti moja, Franken kashinda. Coleman akakubali siku ileile.

NEEMA: Siku ileile? Baada ya miezi karibu minane ya kuvutana!

HAMISI: Siku ileile. Kisha 2015 akatimiza miaka 70, umri wa lazima wa kustaafu kule, kama Kenya.

NEEMA: Kesi ya kudai uchaguzi nimeikubali, kaka. Hili la jukwaani tutalirudia, maana bado hujanijibu habari ya mpangaji wangu.