Kamati ya Msiba Imemsahau Mtoto

Mhadhara kwa walimu na walezi, Moshi mjini

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, akina mama wa vikundi, viongozi wetu wa dini: Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum.

Karibu kila mmoja humu amewahi kukaa kwenye kamati ya msiba. Kazi tunazijua. Mtu wa turubai na viti. Mtu wa jeneza. Wa kufuatilia mwili mochwari, KCMC au Mawenzi. Mweka hazina wa rambirambi, wapishi, wa kuwapokea ndugu wanaotoka Dar. Sasa nitajieni kamati iliyoandika jina la mtu wa kukaa na watoto wa marehemu. Mimi sijaiona. Mtoto anatumwa maji, anabeba vikombe, usiku analazwa kwa jirani, na siku ya maziko anasogezwa mbele aweke shada huku mpiga picha akimsubiri. Akirudi shule tunamwambia pole, fungua daftari.

Nimekuja kuomba mstari mmoja uongezwe kwenye daftari la kamati: mtu wa watoto. Awe na mkeka, karatasi, kalamu za rangi, udongo wa mfinyanzi, na awe na muda.

Kwa nini rangi na udongo? Kwa sababu mtoto wa miaka sita ana maneno machache ya jambo zito hili, na sisi tunamharibia hata hayo. Tunamwambia mama amesafiri, basi kila gari likishusha abiria anakimbia barabarani kutazama. Tunamwambia amelala, kisha tunashangaa mtoto anaogopa kulala. Tunamwambia Mungu alimpenda zaidi, naye anaanza kumwogopa Mungu. Tumwambie kwa upole, lakini wazi: mama amekufa, mwili wake haupumui tena, hauumwi tena, na hatarudi. Na tumwambie hata kabla hajauliza: wewe hukumuua. Watoto wengi wadogo huamini kwamba neno baya walilosema jana yake ndilo lililoleta kifo.

Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha utafiti wake juu ya watoto 378 wa Hungaria, wa miaka 3 hadi 10. Alizungumza nao, akawapa wachore, wakubwa wakaandika. Aliona wale wadogo kabisa wakidhani aliyekufa bado anaishi kwa namna fulani, huko aliko. Umri hutofautiana mtoto na mtoto, lakini jambo lenyewe nimelikuta hapa hapa. Binti mmoja alichora kaburi la baba yake likiwa na dirisha. Nikamwambia, "Hebu nisimulie picha yako." Akasema, "Ni ili baba apate hewa." Mnajua makaburi yetu yako kihambani, kwenye shamba la nyumbani, hatua chache kutoka jikoni. Yule mtoto alikuwa akilipita kaburi kila asubuhi akienda shule, akiamini baba anakosa pumzi mle chini. Nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua.

Shikeni maneno hayo: "Hebu nisimulie picha yako." Yanatosha. Walimu, naomba sana, hapa hakuna alama, hakuna kusahihisha herufi, hakuna kusema picha nzuri. Wala tusijifanye wapiga ramli wa rangi. Akitumia nyeusi, pengine ndiyo kalamu iliyobaki. Na picha ni yake. Haibandikwi ukutani wala haipigwi kwa simu na kutumwa kwenye kundi la ukoo bila ruhusa yake.

Wapo wasiotaka kuchora, hasa wavulana walioambiwa "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii". Maneno hayo tuyaache. Ni mzigo wa mtu mzima. Mpe ngoma, mpe udongo aupondeponde, mpe mpira wa makaratasi. Atalia, na dakika tano baadaye atacheka na wenzake. Shangazi, usimkemee. Watoto huomboleza kwa vipande, na mchezo ndipo wanapopumzikia.

Halafu kuna siku ya kugawa nguo za marehemu. Kabla ndugu hawajafungua sanduku, mtoto achague kwanza: kitenge cha mama, mkanda wa baba. Kisiharakishwe kufuliwa, kina harufu yake. Mtafutie boksi la viatu, alipambe mwenyewe kwa rangi, aweke humo picha, barua anayomwandikia marehemu, chochote. Huko Uganda, miaka ya 1990, akina mama waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu wakiwa bado hai: ulizaliwa hivi, ukoo wako huu, chakula ulichopenda ni hiki. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kufanya hivyo hata leo, pamoja na mtoto wake.

Na sale tunalo, ule mmea wetu wa Kichaga. Tunalipanda mpakani, tunalipanda makaburini, na tunalibeba tukienda kuomba radhi. Mtoto anayelia kwamba aligombana na marehemu, apewe sale alipande kwa mkono wake na aseme anachotaka kusema. Nadhani hakuna mtaalamu wa kutoka mbali atakayetuletea tendo linalolingana na hilo.

Kwa ndugu zetu Waislamu maziko ni ya haraka, na mama anaweza kuwa kwenye eda ya miezi minne na siku kumi. Mkeka wa watoto uendelee baada ya khitma, wageni wakishaondoka.

Shule nazo zina misiba yao. Mei 2017, ajali ya basi kule Karatu ilichukua wanafunzi zaidi ya 30 wa shule moja ya Arusha. Rafiki wa dawati moja naye ni mfiwa. Dawati la aliyekufa lisiondolewe usiku. Darasa liulizwe, lichore, liimbe, kisha liamue.

Mtoto akisema anataka kumfuata marehemu, au wiki zinapita hali chakula wala halali usingizi, mpelekeni hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Sasa tukae wawili wawili. Karatasi na rangi ziko mezani. Kila mmoja amchore mtu aliyempoteza utotoni, na mwenzake amwombe amsimulie picha, kisha anyamaze asikilize. Tuna nusu saa.