CE Si Cheti cha Kupimwa

Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana narudia: alama ya CE, zile herufi mbili zinazogongwa kwenye bidhaa zinazouzwa Ulaya, si cheti cha kupimwa. Kwenye chaja, na mara nyingi kwenye kidoli cha mtoto, anayeigonga ni mwenye kiwanda mwenyewe, kwa ahadi kwamba ametimiza sheria za Ulaya. (Kicheko.) Mnacheka, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Mtaniambia vitu vya hatari vina mkaguzi wa kutoka nje ya kiwanda. Haya, twendeni La Seyne-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, kwenye kiwanda cha PIP, watengenezaji wa vipandikizi vya matiti. CE wanayo. Mkaguzi wao ni TÜV Rheinland wa Ujerumani, jina zito. Sasa, mkaguzi huyu alikuwa akija hutoa taarifa kwanza. Nawe ukijua mgeni anakuja Jumanne, Jumatatu hufagii uwanja? Wao walificha mapipa ya silikoni ya viwandani, wakapanga karatasi za silikoni halali mezani. Mgeni akasoma karatasi, akaaga. Miaka nenda, miaka rudi! Ni serikali ya Ufaransa iliyokuja kusimamisha mauzo Machi 2010, baada ya vipandikizi kupasuka kupita kiasi. Jean-Claude Mas, mwanzilishi, akahukumiwa miaka 4 jela mwaka 2013.

Subirini, sijafika penyewe. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba mkaguzi wa namna hiyo hana wajibu wa jumla wa kufanya ziara za kushtukiza, wala wa kupima bidhaa, wala wa kupekua vitabu vya biashara, isipokuwa akiona dalili za kutia shaka. Dalili ataziona wapi, kwenye karatasi alizoandaliwa?

"Lakini mkaguzi naye anasimamiwa." Najua, bwana! Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 765 ya 2008 inataka shirika moja la taifa la ithibati, yaani la kuwathibitisha wakaguzi, katika kila nchi, lisilotafuta faida. Na kanuni ya vifaa tiba ya 2017 imeleta ziara za kushtukiza: angalau moja kila miaka 5. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati wa ziara ya kwanza, ya pili huenda ataikuta akiwa darasa la sita.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ufuatiliaji wa soko, yaani serikali kukagua bidhaa zikiwa tayari sokoni, ambao ndio mlioitiwa, basi kwa kifupi: tangu 13 Desemba 2024 bidhaa za kawaida za walaji kutoka nje lazima ziwe na mtu wa kuwajibika ndani ya Umoja, hata zikinunuliwa mtandaoni. Anwani ipo kwenye boksi. Nani anakwenda kubisha hodi kwenye anwani hiyo? Niulizeni hilo, si la CE.