Mrija, Maji na Sauti: Kulinda Koo la Mwimbaji Anayekua

Karibuni. Mezani nina glasi ya maji na mirija miwili, na hapa pembeni yupo mwanafunzi wangu wa sauti ya kwanza. Amekubali kunisaidia kwa sharti moja, nisimwimbishe noti za juu kabla hajapasha sauti. Sharti zuri hilo, natamani kila mwimbaji aje nalo mazoezini.

Kama bado unakua na unaimba, iwe kwaya, bendi au chumbani kwako mlango ukiwa umefungwa, video hii ni yako: leo tunatoa sauti kupitia mrija uliochovywa majini, zoezi la kupasha na kupumzisha sauti. Hasa kama ukimaliza kuimba sauti inakwaruza, au koo linabana unapoongea, au ile noti laini ya juu uliyoifikia juzi leo inatoka hewa tupu. Hiyo ya mwisho isikilize sana. Sauti ikichoka, noti za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo ndizo hutangulia kupotea. Kwa nguvu bado unazipata, basi unajidanganya kwamba uko salama. Walimu wa kwaya msiondoke, kuna sehemu yenu mbele.

Haya, vifaa. Glasi ijae kupita nusu. Mrija ni ule wa kawaida wa kunywea, upana wa milimita 5 au 6. Huu mwembamba wa kukorogea, wa milimita 3 hivi, weka kando, utautumia ukishazoea. Mimi napenda glasi inayoonyesha ndani kuliko kikombe, kwa sababu nataka kuiona ncha ya mrija muda wote. Ncha hiyo ndiyo itakayotusumbua leo.

Keti wima, mabega yashuke, shingo ilegee. Hilo mnalijua, twende.

Sasa chovya mrija. Sentimita 2 tu ndani ya maji. Zungushia utepe mahali pa kuishia, au piga mstari kwa kalamu. Sentimita 2… ngoja, taa inamulika kwenye glasi, hamwoni kitu. Nisogeze meza. Tena kidogo. Hapo. Mnaiona ncha? Iko juu juu, wala haikaribii chini ya glasi.

Kwa nini nasisitiza? Msukumo wa pumzi inayotoka mapafuni hupimwa kwa sentimita za maji. Kuongea kwa kawaida kunahitaji msukumo wa sentimita 5 hadi 10 hivi. Ukizamisha mrija sentimita 10, umeutumia msukumo wote huo kabla kiputo cha kwanza hakijatoka. Kitakachofuata ni kukaza koo ili kusukuma zaidi, na zoezi la kupumzisha sauti litakuwa limegeuka zoezi la kuiumiza. Kwa hiyo ni sentimita 2. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Puliza bila sauti kwanza. Viputo vitoke mfululizo, vidogo, bila haraka. Vizuri. Sasa ongeza sauti, “uuu”, noti yoyote iliyo rahisi kwako, karibu na pale unapoongelea. Midomo iufumbe mrija bila kuung'ata kwa meno. Mashavu yakivimba kidogo si kitu.

Jaribu na hili: ukiwa kwenye “uuu”, bana pua kwa vidole viwili. Sauti ikiendelea vilevile, uko sawa. Ikikatika au ikibadilika, hewa ilikuwa inatorokea puani na mrija haukuwa unafanya kazi. Mwanafunzi wangu, bana. Umesikia? Haikubadilika hata kidogo.

Niwaambie kinachotokea humo ndani, maana mtoto anayeelewa hulinda koo lake hata mwalimu asipokuwepo. Ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho kooni, kuna nyuzi mbili za sauti. Ukiimba noti A iliyo juu ya C ya kati, zinakutana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Dakika moja ya noti hiyo ni mara 26,400. Zikikutana kwa upole, hakuna tatizo. Zikigongana kwa kishindo, jioni unaongea kwa kukwaruza. Mrija unaziba sehemu ya njia ya hewa, kwa hiyo msukumo fulani unarudi nyuma mpaka kwenye nyuzi zenyewe na kuzisaidia zisibamizane. Zinatetema vizuri kwa pumzi ndogo. Ndiyo maana utasikia koo limelegea ukiutoa mrija mdomoni.

Si jambo la kubuniwa na watu wa mitandaoni. Kule Ufini, Antti Sovijärvi alikuwa akitumia mirija ya kioo iliyochovywa majini tangu miaka ya 1960, na mtafiti wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyelifanya zoezi la mrija lijulikane sana kwa waimbaji.

Tuteleze. Anzia chini, panda polepole mpaka juu, rudi chini, zote kwa pumzi moja, viputo visikatike. Haya mwanafunzi wangu, anza.

Simama hapo! Mmeona? Rudisheni video kidogo, mwangalie mkono wake. Alianza kwenye utepe vizuri kabisa. Sauti ilipopanda, mkono ukashuka, na alipofika juu ncha ilikuwa inagusa chini ya glasi. Hakujua. Karibu kila mtoto hufanya hivi, na wengi hawaamini mpaka waonyeshwe. Noti inapanda, mwili unaona kuna kazi, mkono unashuka, mrija unazama, koo linakaza.

Dawa yake ni kuishika glasi kwa mkono mmoja na mrija kwa mkono wa pili, kidole kimoja cha mkono wa mrija kikiegemea ukingo wa glasi. Kidole kikikaa ukingoni, mrija hauna pa kwenda. Anza tena. Kidole ukingoni… panda… kidole! Kirudishe. Hivyo. Sasa sikilizeni viputo vyake: vimetulia kuanzia chini hadi juu, na shingo haina mshipa uliosimama. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Viputo vikikatika juu, usipambane navyo. Rudi noti mbili chini, teleza tena. Kidevu nacho kisipande kuifuata noti. Na sentimita 2, jamani.

Ukishazoea, imba wimbo wako wote ndani ya mrija, bila maneno. Inachekesha, chekeni kisha muendelee. Mistari ile inayokuchosha kila wiki utaitambua palepale, kwa sababu viputo vitaruka na kurindima. Halafu kipande hichohicho uanze na mrija, katikati ya mstari uutoe mdomoni, umalizie kwa “u”, kisha kwa maneno. Ukiona koo linabana mara tu mrija unapotoka, urudishe. Dakika 2 au 3 kabla ya kuimba zinatosha, na nyingine kama hizo ukimaliza, safari hii ukianzia juu na kushuka.

Nimesahau maji ya kunywa, na ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Maji unayomeza hayagusi nyuzi za sauti. Yakizigusa umepaliwa! Yanashuka kwenye umio, yaani njia ya chakula, yanaingia mwilini, na mwili ndio unaozilainisha nyuzi baadaye. Kwa hiyo kugugumia chupa nzima dakika moja kabla ya kupanda jukwaani hakukomboi siku nzima ya kiu. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Mvuke ndio unaofika zilipo nyuzi, kwa kuwa unapita njia ya hewa. Lakini wazazi, nawaomba, msimwinamishe mtoto juu ya sufuria au beseni la maji yanayochemka. Watoto huungua hivyo. Bafu lililojaa mvuke wa maji moto, mtoto amekaa tu anapumua, linatosha.

Tabia ninayotaka muiache kuanzia leo ni kujikohoza. Ule mkwaruo kabla ya kuimba unazibamiza nyuzi moja kwa nyingine, koo linatoa ute zaidi kujikinga, na ute unakufanya ujikohoze tena. Meza mate badala yake. Bado kuna kitu? Piga funda la maji, kisha fumba mdomo uvumishe sauti kidogo. Sauti ikiwa imekauka, usinong'one kwa nguvu ukidhani unapumzika. Nyamaza, au ongea polepole kwa sauti ya kawaida na mtu aliye karibu.

Vidonge vya kumumunya vinavyotia ganzi sivitaki kabla ya kuimba. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu vinatolewa kwa nia njema nyuma ya jukwaa. Maumivu ndiyo yanayokuambia uache. Ukiyanyamazisha, utaimba juu ya jeraha bila kujua. Na aspirini mtoto asiye na miaka 16 asipewe bila daktari kusema, maana inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Hata kwa mkubwa, huongeza hatari ya mshipa mdogo kuvuja damu kwenye nyuzi anapoimba kwa nguvu.

Nyuzi zikigongana vibaya kwa muda mrefu huota vinundu, kama sugu za viganjani, kwa kawaida pande zote mbili, kinundu kikikabili kinundu. Kwa watoto, vinatokana zaidi na kupiga kelele kuliko kuimba, kwa hiyo angalia pia unavyoshangilia uwanjani. Usiogope sana. Vingi hupungua kwa mazoezi ya tiba ya sauti na kubadili tabia, bila kisu.

Walimu, nimefika kwenu. Nyuzi za mtoto si nyuzi za mtu mzima zilizofupishwa. Tabaka zake za ndani zinaendelea kujengeka mpaka ujana. Kisha mvulana anapobalehe zoloto linakua kwa kasi, na sauti inashuka karibu oktava nzima. Ya msichana nayo inashuka, ingawa kidogo tu. Miezi hiyo sauti inapasuka bila taarifa. Msimbakize mvulana sauti ya kwanza kwa sababu tu tamasha liko karibu na mlimzoea pale. Mshushieni ufunguo, mpeni mistari mifupi iliyo katikati, aimbe panapokaa vizuri wiki hiyo, na wiki ijayo muulizeni tena. Mazoezi yakizidi nusu saa, wapeni dakika chache za kimya, mkae na maneno ya wimbo au midundo. Na mkitaka sauti kubwa, sogezeni maiki karibu. Koo la mtoto msiliombe kazi ya spika.

Kuhusu hospitali: mafua yakikukausha sauti, pumzika, itarudi. Mkwaruzo ukifika wiki 4 haujaisha, daktari wa masikio, pua na koo lazima azione nyuzi zenyewe, na mimi kwa mwimbaji sisubiri hata wiki 3. Usingoje hata siku moja kama unapumua kwa shida, kumeza kunauma sana, unatema damu, au sauti imekatika ghafla katikati ya noti. Hiyo ya ghafla inaweza kuwa damu imevuja kwenye uzi wa sauti. Funga mdomo, nenda.

Watoto wengi huhofia kamera ya daktari. Ni nyembamba, inapita puani au mdomoni, na inaisha upesi. Mwalimu wa uimbaji, Manuel García, aliziona nyuzi zake mwenyewe mwaka 1854 kwa vioo viwili na mwanga wa jua, akazitazama zikifanya kazi huku akitoa sauti. Leo wewe utaziona kwenye skrini. Muulize daktari akuonyeshe, ni sehemu ya mwili wako unayoitumia kuliko wengi, na ni haki yako kuijua.

Tumemaliza mrija. Kila mtoto awe na wake wenye jina lake, msiazimane hata ndugu kwa ndugu, mwageni maji ya glasi baada ya kila zoezi na mrija uoshwe kwa sabuni ndani na nje. Mwanafunzi wangu, sasa nadai ile noti ya juu. Glasi iache hapo kwanza, kidole ukingoni, teleza mara moja, kisha tuimbe.