Mtazameni Macho

Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuburuzika: dalili hizo za kiharusi mmezisikia hadi mmechoka, sizirudii. Mimi nataka kile kiharusi kikubwa, mshipa mkubwa wa kichwani umeziba. Kinajionyesha palepale kitandani na bado tunakipita!

Tazama macho. Mkono na mguu wa kulia vimekufa, maneno hayatoki, na macho yote mawili yamegeukia kushoto. Ukimwita kutoka kulia, hageuki. Ndugu wanasema kuna kitu anakiona ukutani, aitwe shehe. Ukutani hakuna kitu. Macho yameelekea upande wa ubongo ulioumia, yameupa kisogo upande uliopooza.

"Lakini daktari, mwingine anaongea vizuri tu." Enhe, na huyo ndiye anayetuponyoka! Akipooza kushoto, mara nyingi maneno yanabaki, tena anakuapia haumwi. Mshike mkono wa kushoto, umwonyeshe, umuulize ni wa nani. Nilimsikia mzee mmoja akijibu, "Si wako huo?" Familia nzima ikacheka. Jamani, wakacheka! Wakamtandikia alale, eti uchovu wa safari. Walipomleta kesho yake hata kukaa hawezi.

Sasa najua kuna anayenong'ona huko nyuma: mashine ya kulivuta hilo bonge la damu lililoziba mshipa iko wapi? Ni hospitali chache, sibishi. Ila tangu majaribio ya kitabibu ya 2015 hakuna mjadala kwamba kulivuta kunafaa. Na hata ukiikosa, huyu mpeleke moja kwa moja penye CT-scan, mashine ya kupiga picha ya ubongo, si kumzungusha vituo vitatu mnakusanya barua za rufaa. Bila hiyo picha hujui mshipa umeziba au umepasuka, kwa hiyo aspirini yako ibaki mfukoni.

Halafu saa. Msiniambie "tumemkuta saa 1 asubuhi". Alionekana mzima mara ya mwisho lini? Kama aliaga kulala saa 3 usiku, andika saa 3 usiku. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu, na hesabu inaanzia hapo.

Mengine nayakimbiza. Pimeni sukari, ikishuka inaigiza kiharusi. Presha msiishushe kwa vidonge vya jirani. Maji, chai, asali, hapana, atapaliwa. Degedege nilikuwa nimeiandaa lakini mwenyekiti ameshanikazia macho. Haya, maswali.