Je, ni msambamba? Trapeza isikudanganye!

Jambo yenu wapenzi wa hesabu, hapa Goma na popote mlipo! Leo tuna kartoni, rula, penseli, pini moja na ekeri hii ya mbao, yaani rula ya pembetatu yenye kona ya mraba. Nazitengeneza mwenyewe, kubwa za ubaoni pia. Walimu mnanipata mtaani Birere.

Umbo la pande nne: utajuaje kama ni msambamba, ile shuleni tunaita paralelogramu, yaani kila pande mbili zinazotazamana ni sambamba, hazikutani hata ukizirefusha?

Njia nyepesi: pima pande zinazotazamana. 8 na 8, 5 na 5. Jozi zote mbili sawa? Ni msambamba, tusonge.

Njia ya pili, polepole hapa. Jozi moja yatosha, lakini jozi ILE ILE iwe sambamba na iwe sawa kwa urefu. Ile ile! Mimi kwenye mtihani niliandika jozi moja ni sambamba, nyingine ni sawa, basi msambamba. Alama zote zikaenda. Tazameni kipande hiki: chini sentimita 10, juu 4, mbavu 5 na 5. Juu na chini ni sambamba, mbavu ni sawa, na bado ni trapeza: jozi moja tu ya pande ndiyo sambamba. Narudia: jozi ile ile!

Kujua usambamba, laza ekeri kwenye upande mmoja, egemeza rula, telezesha ekeri hadi upande wa pili: ikilala sawasawa juu yake, ni sambamba. Rula isisog... ngoja. Kwenye simu naona msambamba wangu umebanwa juu. Simu imeinama. Naipandisha kwenye kiti, itazame chini wima. Sasa umekaa sawa. Mmeona? Mchoro wa mtihani nao msiuamini kwa macho.

Ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote: mistari ya kona kwa kona, diagonali. Fundi wa nyumba anavuta kamba kona kwa kona akitaka urefu sawa, kwa sababu anatafuta mstatili. Sisi hatutafuti urefu sawa! Trapeza yetu diagonali zake ni 8.1 na 8.1. Lakini zinapokatana, kila moja inagawanyika 5.8 na 2.3. Za msambamba zinakatana katikati kabisa, zote mbili.

Pitisha penseli kuzunguka kartoni ya msambamba, kona zake A, B, C, D kwa mzunguko. Choma pini pale diagonali zinapokatana, geuza nusu mzunguko, taratibu... Kona A imekaa pa C, B pa D, umbo limeingia palepale kwenye mstari wa penseli. Kila nikifanya hivi nafurahi upya! Sasa trapeza: geuza... ule upande wa 10 umepanda juu, umetokeza nje kushoto na kulia.

Zamu yenu, bila kartoni: A(1, 1), B(5, 2), C(7, 6), D(3, 5). Tafuteni katikati ya AC, kisha katikati ya BD. Nasubiri majibu hapo chini, na hesabu zake.