Kiraka Kiwe Dhaifu Kuliko Nguo: Mhadhara Juu ya Karatasi ya Italia na ya Japani

Bi Mwenyekiti, wazee wangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke kimyakimya: habari za jioni.

Nimepewa dakika 40. Walionisikia siku za nyuma wanajua kwamba 30 zitaishia kwenye karatasi, na zilizobaki nitazitumia kuomba radhi. Tangazo limesema "mafundi wa Italia na Japani", na naona wengine mmekuja kusikia habari za viatu vya Firenze na panga za samurai. Poleni. Mfukoni nina bahasha, na ndani yake mna kipande cha karatasi. Nitakitoa mwishoni. Kwanza tuzungumze selotepu.

Niliitwa na ofisi moja, sitaitaja, nikaangalie rejesta kuukuu. Ilikuwa imechanika, na mtu mwenye nia njema kabisa alikuwa ameibandika selotepu ukurasa baada ya ukurasa. Miaka ikapita. Ile plastiki ikakauka kama ganda la kitunguu, gundi ikazama kwenye karatasi ikawa na rangi ya chai, na nilipojaribu kuibandua ikaja na herufi zake. Jina la mtu likabaki kwenye selotepu, la baba yake likabaki ukurasani. Karani akaniuliza, "Lakini mwalimu, si ilikuwa imeshika vizuri?" Ilishika, ndiyo. Na mamba naye hushika.

Mshonaji yeyote wa mtaani anajua ninachosema. Ukishona kiraka cha jinzi kwenye kanga kuukuu, siku kanga ikivutwa hakichaniki kiraka, inachanika kanga. Kiraka kiwe dhaifu kuliko nguo. Na kiwe kitu unachoweza kukitoa kesho bila kuacha kidonda. Hayo mawili ndiyo kazi yetu yote, sisi wahifadhi wa vitabu na karatasi kuukuu. Yaliyobaki ni subira na mikono safi.

Sasa twende Firenze. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika. Katika baadhi ya mitaa maji yalipanda zaidi ya mita 6. Maktaba Kuu ya Taifa iko kando ya mto, na vyumba vya chini vilijaa maji, matope na mafuta mazito ya kupashia nyumba joto, kwa sababu matangi yalikuwa yamepasuka. Vijana walikuja kutoka kila upande wakajipanga kwenye ngazi, wakipokezana vitabu mkono kwa mkono. Waitalia wakawaita malaika wa matope. Picha zao zinapendwa sana. Lakini malaika kazi yake ni kubeba. Baada ya kubeba, nani anaziba? Una maelfu kwa maelfu ya kurasa zilizolainika kama mkate uliotiwa chai, na unahitaji kitu chembamba kiasi kwamba maandishi yasomeke kupitia kwake, chenye nguvu ya kushikilia, lakini kisichoshinda nguvu ya ukurasa wenyewe.

Kitu hicho kilitoka Japani. Ni washi, karatasi ya gome la mti uitwao kozo.

Najua kuna anayesema moyoni: "Yaani Waitalia hawakuwa na karatasi?" Ngoja. Tena nakushukuru kwa swali, maana hulijibu kila mara na kila mara hulijibu kwa hasira. Waitalia ni mabwana wa karatasi. Mji wa Fabriano unaitengeneza tangu karne ya 13. Ufundi waliupata kutoka ulimwengu wa Waarabu, kisha wakaongeza yao: nyundo zinazoendeshwa na maji za kuponda matambara ya kitani, gundi ya ngozi za wanyama ili wino usisambae, na chapa ya maji, ile alama unayoiona ukiinua karatasi kwenye mwanga. Na msidhani ni habari za mbali. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, hapo hapo kisiwani Pate, ipo iliyoandikwa juu ya karatasi ya Italia, na ukiinua ukurasa wa karatasi ya aina hiyo unaweza kuona miezi michanga mitatu imejipanga. Hata neno letu. Sisi tunasema karatasi, tumelipata kwa Waarabu. Wao wanasema *carta*, wamelipata kwa Walatini. Bibi wa maneno yote mawili ni mmoja, Mgiriki. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba Waitalia hawakuwa na karatasi.

Tatizo ni kwamba karatasi yao ilizaliwa kwa kalamu ya nyoya. Kalamu inakwaruza, basi karatasi iwe ngumu. Mjapani aliandika kwa brashi, na brashi inabembeleza. Karatasi ilifika Japani kutoka China kwa njia ya Korea. Kumbukumbu zao zinamtaja mtawa mmoja aliyekuja nayo mwaka 610. Toka China, ndugu mmoja alielekea mashariki, mwingine akaja magharibi kupitia Samarkand na Baghdad, wakapotezana zaidi ya miaka elfu moja. Wakaja kukutana kwenye matope ya Firenze, mmoja amejeruhiwa, mwingine ameshika bendeji.

Jinsi inavyotengenezwa, niacheni nieleze, hapa ndipo ninapopapenda. Matawi ya kozo hukatwa wakati wa baridi, hupikwa kwa mvuke, gome likabanduliwa. Gome la nje jeusi hukwanguliwa. La ndani jeupe huchemshwa na majivu au magadi mpaka lilainike, halafu watu huinama juu ya maji ya baridi kali na kuokota taka moja moja kwa vidole. Moja moja! Kisha hupondwa. Nyuzi za kozo ni ndefu, karibu milimita 10, wakati nyuzi za mbao za karatasi ya kawaida huwa milimita 1 hadi 3. Nyuzi ndefu zikitiwa majini hushikana mabonge kama nywele kwenye bomba la bafu. Dawa yake? Mlenda! Nawaambia kweli: huchukua mzizi wa mmea mmoja wa ukoo wa bamia, wakauponda, wakapata ute. Ute ule hufanya nyuzi zielee polepole bila kukumbatiana, na maji yasikimbie haraka kwenye chujio la njiti za mianzi. Fundi analitingisha mbele na nyuma, mbele na nyuma, nyuzi zinajifuma. Kwa nini baridi? Kwa sababu joto linaua ute. Mama yeyote aliyeacha mlenda ukalala nje usiku wa joto anajua.

Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha washi miongoni mwa urithi wa dunia usioshikika. Vizuri. Lakini cheti hakinunui karatasi. Anayenunua ni mhifadhi wa Roma au Firenze mwenye kitabu kinachooza mezani. Tangu 1992 kituo cha kimataifa cha uhifadhi, ICCROM, chenye makao yake Roma, pamoja na taasisi ya utafiti ya Tokyo, wamekuwa na kozi huko Japani ya kuhifadhi karatasi ya Kijapani. Nitarudia mpaka mchoke: kubadilishana ufundi huanza pale fundi mmoja anapokiri, "Hiki sina." Kuvaa kimono siku ya tamasha na kupiga picha ni furaha tu, sikukatazi.

Na pale ufundi unapohamishwa bila malighafi yake? Tazama Palermo, kule Italia. Serikali ya Japani ilifungua shule ya sanaa Tokyo mwaka 1876, walimu Waitalia. Mchongaji Vincenzo Ragusa alikuwa mmoja wao. Mwaka 1882 akarudi kwao Sicilia na Kiyohara Tama, mchoraji, pamoja na dada yake Tama aliyejua kudarizi na shemeji yake fundi wa urushi, ule utomvu wa kupaka vyombo mpaka ving'ae kama maji usiku. Wakafungua shule Palermo wafundishe ufundi wa Kijapani. Walimu walikuwa hodari. Lakini urushi ni utomvu wa mti, na mti uko Japani. Kuupata Sicilia ikawa taabu, darasa likafa, dada na shemeji wakarudi kwao. Tama akabaki. Alirudi Japani mwaka 1933, baada ya miaka 51. Huwezi kuhamisha mkono ukaacha mti.

"Basi tupande mti!" Ndiyo, mti ndugu wa kozo tayari umepandwa Uganda, muulizeni mtu wa msitu wa Mabira: umegeuka gugu, unaisonga miti ya kwao. Mti mnao, mkono hamna. Haya.

Bi Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kumtaja Edoardo Chiossone, Mwitalia aliyewachongea Wajapani noti yao ya kwanza yenye sura ya mtu, mwaka 1881, ya malkia Jingu, na malkia mwenyewe, wanasema watazamaji, ana sura ya Kizungu. Nilitaka kuwataja vijana wa Kijapani wanaojifunza kutengeneza fidla Cremona. Na mayai ya viwavi wa hariri, yaliyosafirishwa kutoka Yokohama viwavi wa Italia walipougua. Siku nyingine. Mtaniita, nitazungumza karatasi tena.

Bahasha hii hapa. Inaitwa tengujo, washi ya Kochi, huko Japani. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Hii ni 2 hivi. Ndiyo, kijana, nimekuona: ya wembamba huu siku hizi hutoka kwenye mashine, ila gome ni lile lile la kozo. Ipitisheni kuanzia huku. Mikono mikavu. Zimeni feni hiyo ya katikati, na mwenye mafua aitazame mkononi mwa jirani yake.