Upanga Kimevunjika: Makosa ya Sarufi katika Maandishi ya Michezo ya Video

Mabibi na mabwana,

Mtu akiona kosa la sarufi kwenye skrini ya mchezo wa video, aghalabu humlaumu mwandishi kwamba hajui lugha. Zamani lawama hiyo ilistahili. Katika Zero Wing, mchezo wa kampuni ya Toaplan, toleo la Mega Drive, mashine ya michezo ya kampuni ya Sega, lilimfanya adui atangaze kwa Kiingereza "All your base are belong to us", kauli ambayo nomino yake ya umoja imepewa kitenzi cha wingi, kisha kitenzi cha pili kikapachikwa juu yake. Aliyeifasiri hakukimudu Kiingereza, basi. Lakini makosa mengi ya leo hutokea hata pale mwandishi anapokuwa bingwa wa lugha, kwa sababu sentensi tunayoisoma haikuandikwa na mtu yeyote. Imeungwa na programu wakati mchezo ukiendelea.

Mwandishi huandaa kiunzi cha sentensi chenye nafasi tupu, na programu huijaza nafasi hiyo kwa jina la kitu au kwa idadi. Kiingereza hupata shida ndogo tu, mchezaji anapoambiwa ameokota sarafu moja huku jina likiwa katika wingi. Kirusi hubadilisha umbo la nomino kwa namna moja baada ya 2, 3 na 4, na kwa namna nyingine kuanzia 5, kisha 21 ikarudi kwenye umbo la 1. Kifaransa nacho hulazimika kujua kama mhusika ni mwanamume au mwanamke, usumbufu ambao sisi hatuna.

Sisi tuna ngeli. Chukueni kiunzi kinachotangaza kuvunjika kwa silaha. Mwandishi alipokitunga alikuwa anafikiria kisu, akaandika "kimevunjika" na kuacha nafasi ya jina mbele yake. Mchezaji akibeba upanga ataambiwa "upanga kimevunjika", akibeba ngao ataambiwa "ngao kimevunjika", na mikuki itakapomalizika vitani itavunjika hivyo hivyo kwa KI, kana kwamba upatanisho wa kisarufi ni pambo. Wako wanaodhani dawa ni kuiagiza programu itazame silabi ya kwanza ya jina. Hao watakwama kwa kifaru. Programu itaona KI na kuandika "kifaru kimeuawa", ilhali mnyama huyo, kama wanyama wote, hufuata A-WA. Ukilisahihisha jina hilo mara moja kwa mchezo mzima, vita vitakuletea kifaru kingine, kile cha chuma chenye mzinga, ambacho ni sawa kabisa kusema kimelipuliwa.

Kanuni za Unicode, kiwango cha kimataifa cha maandishi ya kompyuta, zinazotumiwa na programu nyingi humtaka mfasiri aeleze maumbo ya idadi tu: Kiswahili kimepangiwa mawili, Kiarabu sita. Kuhusu ngeli haziulizi kitu, kwa hiyo mfasiri hana budi kuidai mwenyewe kwa watengenezaji, nao waiongeze kando ya kila jina katika orodha ya vitu. Wakikataa, kwa kuwa muda wa kutoa mchezo umewabana, kuna njia ya mkato ninayoipenda: nomino moja isiyobadilika ibebe upatanisho, na jina liwekwe nje ya sentensi. "Silaha imevunjika: upanga" haina ufasaha wa kumsisimua mtu, lakini haina kosa, hata silaha ikiwa kisu au mkuki.

Idadi nazo zibaki katika tarakimu. Kwa maneno, programu ingepaswa kujua kwamba visu huwa vitatu, vitano na vinane, lakini sita, saba na tisa hazichukui kiambishi chochote. Tarakimu humwachia msomaji kazi hiyo, naye huifanya bila kufikiri. Kinachobaki ni 1, na hapo kiunzi cha umoja hakina budi kuandikwa peke yake.